Sanda Iliyokatwa Pembe

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji wa Qalhun, zama za misafara ya ngamia, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Rumaisa binti Sabih, yeye na mumewe Utba, fundi wa kushona matandiko ya ngamia. Mola hakuwaruzuku mtoto. Aliwaruzuku mapenzi, na kikohozi cha Utba kisichopona, na ndani ya sanduku lao, chini ya nguo za Idi, sanda mbili.

Msomaji asishtuke kwa hizo sanda. Mshtuko wake auweke akiba, atauhitaji mbele.

Ilikuwa ada ya wacha Mungu wa zama zile, na hata leo wapo, kwamba anayekwenda Hija hununua sanda yake huko huko, akaiosha kwa maji ya Zamzam, akaianika, akarudi nayo kwao kuingojea siku yake. Utba alihiji kwa miguu akiwa kijana asiye na mke, akarudi na sanda mbili: moja yake, ya pili ya mke ambaye bado hajamjua. Siku ya posa wenzake hupeleka manukato. Yeye aliwaambia wakwe, "Na sanda yake pia iko tayari." Baba mtu akanyanyuka kumtoa nje. Rumaisa, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango, akacheka, akamtuma mama yake aseme amekubali. "Mtu anayeanza na hilo," alisema, "hatakuwa na la kunificha."

Sanda ya Utba ilikuwa pungufu. Njiani katika kurudi alimkuta msafiri asiyemjua amepasuka mguu kwa jiwe, na hapakuwa na kitambaa safi isipokuwa ile sanda. Utba akakata pembe yake moja, ukubwa wa kiganja, akamfunga. Wenzake walipomlaumu alijibu, "Nitakwenda kwa Mola wangu na nguo pungufu, na nitamweleza ilipo iliyobaki." Radhi za Mungu ziwe juu yake.

Basi akaingia mjini mtu aliyejiita Sheikh Abul-Fadhail, na kundi lake likajulikana kwa jina la Watu wa Ufunguo, maana alidai kwamba ndotoni amekabidhiwa ufunguo wa mlango mmoja wa Pepo. Mlango gani, hakusema. Wanazuoni wa mji walimkanya. Yeye akawaambia wafuasi kwamba anayewasikiliza walio nje, masikio yake huota kutu. Na tuseme haki: dhikri yao ilikuwa nzuri. Rumaisa aliingia kwa ajili ya dhikri. Alilia siku ya kwanza machozi ya kweli, na machozi ya kweli yakidondoka mahali pabaya hayageuki kuwa ya uongo.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri, mpiga mbiu wa Sheikh, akiitwa Qumail, mtu mwenye koo la kuamsha wagonjwa, alisimama mbele ya jumba lao akayataja majina ya watu mmoja mmoja kwa ajili ya dua. Aliyekwisha toa wiki ile akitajwa, jumba zima huitikia "Amin" mpaka vumbi la dari linaanguka kwenye vilemba. Asiyetoa akitajwa, hapana anayeitikia. Kimya. Na Qumail halitaji jina linalofuata upesi, humwacha mtu na kimya chake. Kimya kile, ndugu zangu, kilikuwa kinasikika. Kilimfuata mtu mpaka nyumbani, kikakaa naye kwenye sinia la chakula.

Mwanzo ilitosha konzi ya tende. Kisha ikawa fedha. Kisha mbuzi. Kisha vipuli vya wanawake, Sheikh akisema kwamba sikio lenye dhahabu halimsikii malaika. Mwuza siki mmoja, Dahhak, alipokwisha kutoa kila kitu aliung'oa mlango wa nyumba yake, akaubeba kichwani mpaka kwa Sheikh, ukatiwa kwenye chumba chake pale jumbani. Tangu siku hiyo mama mkwe wake ndiye aliyelazwa kizingitini, kwa kuwa ndiye mtu pekee wa nyumba ile ambaye wezi walimwogopa. Dahhak aliitikiwa Amin kubwa, akarudi nyumbani akitabasamu, akaingia ndani bila kubisha hodi, maana angebisha wapi?

Utba hakuwahi kulikanyaga jumba lile. Aliona vipuli vya mkewe vimeondoka, likaondoka jiwe la kusagia, akanyamaza. Siku moja tu alisema:

"Binti Sabih, huyo Mungu wa Abul-Fadhail amefilisika lini?"

"Astaghfirullah, bwana wangu. Ni sadaka."

"Sadaka hutoka mkononi. Hii yenu inatoka kooni, mtu amewakaba."

Rumaisa akaenda zake jikoni. Alishaambiwa habari ya kutu ya masikio.

Sasa ule mshtuko ulioweka akiba, utoe. Ijumaa moja Sheikh alipanda kwenye kiti chake akasema, "Mna sanda masandukuni. Aliyezitandaza mbingu, mnaogopa atashindwa kuwafunika? Hiyo si akiba, ni shaka. Zitoeni. Atakayetoa sanda yake, malaika watamvika hariri."

Sanda, Subhanallah. Si mbuzi wala mlango. Nguo ambayo hata mwizi wa makaburini huigusa akitetemeka. Jumba likaguna kwa hofu. Lakini lililo kubwa kuliko hilo ni kwamba hapana hata mmoja aliyeinuka akatoka.

Ijumaa iliyofuata Rumaisa akatoa ya kwake, akapata Amin. Mara Qumail akalitaja jina asilolitarajia: "Utba bin Mazin." Kimya. Upande wa wanawake, nyuma ya pazia, mkubwa wao Bi Khaula akamwinamia sikioni.

"Mwenzangu, mumeo anakohoa damu. Utamwacha afe na kimya hicho?"

"Sanda ni yake, Bi Khaula. Si yangu."

"Na dhambi ya kuizuia itakuwa ya nani?"

Wiki ile Rumaisa hakula akashiba. Siku ya Ijumaa Utba alipolala baada ya Adhuhuri, alilifungua sanduku polepole ili bawaba zisilie, akaichukua sanda iliyokatwa pembe, akaificha ndani ya shuka yake. Jina la Utba lilipotajwa, Amin ilitikisa nguzo. Bi Khaula alimpiga busu la paji la uso. Rumaisa aliona kama amepigwa kofi.

Haukupita muda Utba akalemewa, akawa wa kitandani. Asubuhi moja akasema, "Binti Sabih, nitolee sanda yangu uianike kidogo. Imekaa sana gizani, na mimi naona naelekea huko huko. Tusiende wote na ubaridi."

Rumaisa akakaa kitako. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, umekamilika: panya. Mji mzima ulikuwa na panya, nani angebisha? Lakini alimkumbuka yule msichana aliyecheka nyuma ya mlango, na alichokisema. Akamweleza mumewe yote, kuanzia neno la Bi Khaula mpaka bawaba zilizofunguliwa polepole.

Utba akanyamaza sana, hata mkewe akadhani kimya cha lile jumba kimewafuata chumbani. Kisha akauliza:

"Na yako?"

"Nilianza na yangu."

"Basi tumebaki uchi wote wawili." Akacheka, na kikohozi kikamkata kicheko. Alipotulia alisema, "Mola wangu hataniuliza nimevaa nini. Lakini ulinipitia nimelala, binti Sabih. Hilo limeniuma."

"Nisamehe, bwana wangu."

"Nimekusamehe kabla hujakaa. Nenda sokoni, ninunulie nguo nyeupe yoyote. Hariri ya malaika usinunue, itanikaa vibaya."

Akaenda. Mwuza nguo, kwa jina Shamil, hakuwa katika Watu wa Ufunguo. Alimpokea kwa bashasha ya kibiashara.

"Ya maiti, mama? Ninazo za kawaida, na ninazo zilizooshwa kwa Zamzam. Hizi ni ghali, lakini maiti humnunulii mara mbili."

Akamwekea mbele moja imekunjwa. Kabla ya kuiona vizuri, Rumaisa aliinusa. Ilikuwa na harufu ya kafuri na maganda ya chungwa makavu, ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyaweka sandukuni kila mwaka ili nondo wasiingie. Akashika ukingo wa meza.

"Usiikunjue kwanza," alisema. "Nitakuambia alama iliyonayo. Pembe moja imekatwa, ukubwa wa kiganja."

Shamil akacheka, akaikunjua. Kicheko kikaishia pale.

"Ni ya mume wangu," alisema Rumaisa. "Hajafa. Ananisubiri nimpelekee sanda. Hii imekufikiaje?"

"La haula wala quwwata illa billah." Shamil akakaa chini. "Huniletea Qumail, mpiga mbiu, kila baada ya Ijumaa, mzigo mzima juu ya punda. Huniambia ni za wahisani waliojaaliwa ziada."

"Ziada ya sanda, baba? Mtu hufa mara ngapi?"

"Nami niliona ajabu, mama. Lakini bei ilikuwa nzuri, nikaacha kuona."

Rumaisa akauliza iliko ya kwake, yenye ukingo wa uzi wa kijani. Shamil akainamisha kichwa. Aliiuza kwa mtu wa msafara ambaye mama yake alifia njiani, na msafara ulikwisha ondoka, hakujua walikotoka wala walikokwenda. Kisha akaikunja ile ya Utba kwa mikono miwili kama anayekunja msala, akampa bila bei. "Ijumaa," alisema, "nitakuja na zilizobaki."

Ijumaa ikafika. Qumail alikuwa katikati ya majina Shamil alipoingia na furushi begani, akalifungua, akaanza kuzitandika sanda sakafuni moja baada ya nyingine. Dua ikakatika. Rumaisa akasimama nyuma ya pazia, akasema kwa sauti isiyopanda, "Enyi waja wa Mungu, tazameni nguo zenu. Zinauzwa sokoni. Ya mume wangu nimeikuta huko."

Hapo ndipo palipoonekana jambo ambalo msimulizi wa kwanza kila alipolifikia alifuta uso wake. Wazee wa mji, watu wazima wenye ndevu nyeupe, walipiga magoti wakapekua sanda kama wanaotafuta kanzu zao kwa dobi. "Hii ni yangu, ina doa la wino." "Niachie hiyo, bwana, wewe ni mfupi." Wanapapasa nguo za kaburi lao wenyewe, wakilia.

Sheikh hakutikisika. Akainua mkono akasema, "Mmeona muujiza? Mola amewarudishia ili mpate thawabu ya kutoa mara ya pili."

Na wallahi, mnajua nini? Dahhak, yule aliyetoa mlango, akainyoosha sanda yake mbele kuirudisha. Mikono mingine ikamfuata. Shamil mwuza nguo akafumba macho asione.

Rumaisa akauliza jambo moja tu. "Sheikh, uliposema kuweka sanda ni shaka, ya kwako uliitoa lini?"

Sheikh akageukia tasbihi yake. Lakini Qumail, maskini, alikuwa mtu ambaye maisha yake yote swali likiulizwa mbele za watu yeye ndiye hulijibu, na koo lake halikujua kunong'ona.

"Ya Sheikh iko ndani," alisema, na nguzo zote zikamsikia. "Kwenye sanduku. Zipo mbili, na moja ni ya hariri."

Mkono wa Dahhak ukarudi. Ikarudi na mingine yote. Na Qumail, alipoona uso wa bwana wake umebadilika rangi, akaona lililobaki ni kushika kazi yake. Akavuta pumzi, akaita jina la dua kwa sauti kuu: "Sheikh Abul-Fadhail."

Kimya.

Hapana aliyempa hata mguno. Qumail akangoja kama alivyokuwa akiwangojesha wengine. Watu wakainuka, kila mmoja na sanda yake kwapani, wakatafuta viatu vyao, wakatoka. Dahhak alitoka wa mwisho, kwa kuwa ilimbidi kwanza aung'oe mlango wake.

Utba aliishi siku chache baada ya hapo. Alipoletewa sanda aliipapasa mpaka mahali pembe ilipokatwa, akasema, "Ndiyo yenyewe," akaiweka kando ya mto. Akazikwa nayo, pungufu vile vile, na kila aliyekuwapo aliitikia Amin bila kuitwa. Rumaisa aliishi miaka mingi bila sanda sandukuni, na hakuitafuta nyingine. Lakini kila baada ya sala alikuwa na dua isiyokuwa na jina: "Ewe Mola wangu, mrehemu mama wa watu aliyelala katika nguo yangu."

Ewe ndugu, mtu akikupangia bei ya Amin, tafuta viatu vyako uondoke mapema, ungali na mlango wako na sanda yako. Ama yule mama wa msafara, aliyezikwa katika ukingo wa uzi wa kijani, hatumjui jina wala kwao. Tumwitikie sisi, Amin. Hii haitozwi kitu.