Marais Wawili wa Vredeland

Wahenga waliposema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, walimaanisha kwamba wanyonge wakigombana wenyewe kwa wenyewe, anayenufaika ni yule anayewala. Ila hawakutuambia kwamba kunguru naye, akishashiba, hujisahau akadhani angani hakuna ndege mkubwa kuliko yeye.

Aletta Pienaar alikuwa amechoka, na si kwa kazi. Miaka miwili nyuma, machifu wawili wa Kitswana, Letlaka na binamu yake Motsumi, walipigania chemchemi. Kila mmoja alikodi Makaburu wenye bunduki na kuwaahidi mashamba. Vita vilipokwisha, machifu hawakubaki na chemchemi wala malisho. Makaburu wa pande zote mbili walipeana mikono, wakagawana ardhi, wakapandisha bendera na kuiita nchi hiyo Jamhuri ya Vredeland, yaani Nchi ya Amani. Ilikuwa na nyumba arobaini na tatu na bunge la watu kumi na wawili, lililokutana sebuleni kwa Aletta kwa kuwa yeye pekee alikuwa na meza ndefu. Kahawa waliyokunywa ilikuwa yake pia.

Jumatatu moja mumewe Gert, katibu wa jamhuri, aliwasomea wajumbe barua ya mkuu wa jeshi la Waingereza lililopiga kambi ng'ambo ya mto. Kabla ya Jumamosi, bunge lipeleke waraka mmoja wenye saini za wajumbe wote, kuthibitisha kwamba Vredeland ina serikali. Ukifika, kila mtu atabaki na shamba lake. Usipofika, nchi itakuwa ya Malkia, na mashamba yatapewa kampuni ya Kiingereza.

Aletta alitazama nje. Ngano ilikuwa imefika magotini, na mipichi aliyoipanda mwenyewe ilikuwa imechanua kwa mara ya kwanza.

"Basi tieni saini," alisema.

"Kwanza tufungue kikao, dada," alijibu Rais Kobus Steenkamp.

Katiba yao ilitaka kikao kifunguliwe kwa wimbo. Bila wimbo hakuna kikao. Rais akaanzisha utenzi, na wajumbe watano wakamfuata. Sita waliobaki, wafuasi wa Kamanda Barend Vosloo pamoja naye, walifunga vinywa kama watu waliouma ndimu. Katika kanisa lao Mungu huimbiwa Zaburi tu. Tenzi zilizotungwa na binadamu ni machukizo.

"Si muimbe Zaburi tu?" Aletta alisema. "Kobus, hata kanisani kwako mnaziimba."

"Naziimba, lakini si kwa amri ya Barend. Leo Zaburi, kesho atataka kiti changu."

"Kiti chenyewe cha Aletta," alisema Vosloo. "Na mguu mmoja umeliwa na mchwa."

Jumanne waliimba vyote viwili kwa pamoja, kila upande ukijitahidi kuufunika mwingine, hadi kuku wakakimbilia chini ya gari la ng'ombe. Jumatano Gert alipendekeza wafungue kikao kwa kukaa kimya, na hapo pande zote ziliungana kumzomea. Alhamisi Vosloo na watu wake walihamia kwenye banda la kukaushia nyama, wakamchagua yeye kuwa rais. Sasa Aletta alikuwa na mabunge mawili ya kunywesha kahawa.

"Mjomba Barend, mna akili kweli nyie?" aliuliza alipowapelekea birika la tatu. "Mwingereza anahesabu siku, nyie mnahesabu beti."

"Sukari umesahau," alisema Vosloo.

Aletta alitoka amefura kwa hasira. Kwenye mfereji alimkuta Mokwadi, mzee wa Kitswana aliyeajiriwa kuuzibua, ingawa chemchemi iliyoulisha ilikuwa ya baba yake.

"Unacheka nini, Mokwadi?"

"Sicheki, bibi, nasikiliza. Letlaka na Motsumi nao walianzia kwenye wimbo. Waligombea nani asifiwe kwanza siku ya kuomba mvua."

"Na nyie hamkuwakanya?"

"Tuliwakanya. Mumeo alikuwepo uani kwa Letlaka, anakula nyama na kuwacheka."

Aletta alikumbuka. Gert alimsimulia kisa hicho aliporudi vitani, na Aletta mwenyewe alicheka hadi machozi yakamtoka.

Ijumaa alichukua karatasi ya waraka, akaweka kikombe juu yake na kuchora duara. Aliwaamuru wote watie saini kuizunguka duara hiyo, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Alianzia bandani, akamalizia sebuleni. Watu kumi na mmoja walisaini. Aliyebaki ni Steenkamp. Aliigeuza karatasi taratibu, akasoma, "Barend Vosloo, Rais," kisha akaichana vipande viwili.

Jumamosi mkuu wa jeshi alivuka mto na askari ishirini tu, akiwa na barua mbili mfukoni.

"Nilikuwa na wasiwasi, mama," alimwambia Aletta. "Mngekuwa na kauli moja, ningelazimika kuzungumza nanyi. Lakini kila rais ameniandikia kwamba mwenzake si rais. Nimewaamini wote wawili."

Bendera ilishushwa bila risasi hata moja. Mpimaji wa kampuni alichomeka kigingi chake katikati ya ngano, na familia zote zikapewa wiki mbili za kuhama.

Siku ya kuondoka, Steenkamp na Vosloo walikuja kumsaidia kupakia meza, wakaanza kubishana upande upi utangulie kupita mlangoni. Aletta aliwaacha hapo hapo, akaenda kumuaga Mokwadi.

"Angalau chemchemi yenu itawarudia," alisema.

"Haijarudi, bibi," alijibu mzee. "Imepata mlaji mwingine tu. Huyu ana tumbo kubwa zaidi."

Safari hii Aletta hakucheka. Alipanda gari la ng'ombe, akaiacha mipichi yake na maua yake, huku mlangoni marais wawili wakiendelea kuvutana na meza ambayo haikuwa na pa kwenda. Hakika, vita vya panzi ni furaha ya kunguru.