Ukuta Usiomuumiza Mtu

Maiti haombi msaragambo. Mmemsikia mjomba wenu akisema hivyo mkutanoni, mkacheka. Haya, kaeni. Na wewe acha kuchokonoa moto, niwaambie methali hii ilikoanzia.

Hapo zamani kijiji hiki kilikuwa na ndiva ndogo, bwawa la kukusanyia maji ya mlimani ili yamwagiliwe mashambani. Ukuta wake ulimfika mtu kiunoni. Kisha vijana wakajifunza namna mpya ya kupanga mawe na udongo wa mfinyanzi, wakaupandisha hadi ukapita paa la nyumba. Mahindi yakastawi hata kiangazi, na watu wakajenga mpaka bondeni, chini kabisa ya ukuta. Nani angewalaumu? Palikuwa na rutuba.

Msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, uliitishwa mara moja tu kabla ya mvua, nao ulitosha kazi moja. Nyingine zilingoja mwaka mwingine. Desturi ilikuwa kwamba anayeomba aonyeshe alivyoumia. Msiidharau. Iliwekwa kwa sababu wakubwa wa kale walikuwa wakiwatisha watu kwa hatari za kubuni, ili wajengewe nyua zao bure.

Mwaka mmoja alisimama Mrutu, ambaye nyani walikuwa wamemmalizia mahindi, akaomba uzio. Baada yake akasimama mjane mmoja, Nakiete. Binti yake Nambike alikuwa ameolewa huko bondeni na alikuwa na mtoto mchanga.

"Ukuta unavuja chini," alisema Nakiete. "Mwanzo yalitoka maji safi. Sasa yanatoka na udongo. Unaliwa kutoka ndani."

Mwenyekiti, Senkondo, alikuwa mtu wa haki, hilo nalisema wazi. Akamuuliza, "Umeumia wapi, shemeji?"

"Bado."

"Kuna mwingine aliyeumia?"

"Bado, nimesema. Akishaumia nitakuja kuomba nini?"

"Watoto wa Mrutu wanalala njaa leo. Wewe unatuletea msiba ambao huenda usije. Nikikupa wewe, kesho kila aliyeota vibaya atataka msaragambo."

Watu wakaguna kukubali. Hata mimi ningekubali, na nyinyi msijifanye mngekataa. Mwaka uliofuata Nakiete akaomba tena, lakini kazi ikaenda darajani, ambako mtu alikuwa amevunjika mguu.

Akamsihi binti yake ahame. Nambike akamjibu kwa upole, "Mama, nihamie wapi? Shamba langu liko hapa." Basi Nakiete akawa anabeba udongo kwa kikapu na kushindilia pale palipovuja. Mwanamke mmoja na kikapu chake, mbele ya ukuta ule. Inaniuma hata kusimulia.

Ukuta ulibomoka mchana, mvua ikinyesha, watu wakiwa wamejikinga majumbani. Huko bondeni maji hayakubakiza hata mafiga. Nambike alikutwa kwenye matope, mtoto akiwa bado amefungwa mgongoni.

Baada ya matanga kijiji kilikutana. Senkondo akamgeukia Nakiete, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, sasa umeumia. Zamu ni yako. Omba."

Nakiete hakusimama.

"Niombe nini?" akasema. "Zamu hii ilikuwa ya Nambike, na mwanawe, na wote wa bondeni. Nilipowaombea wakiwa hai mlinikatalia. Haya, nendeni makaburini mkawaulize wenyewe. Maiti haombi msaragambo."

Senkondo alivua kofia yake, akashindwa kuendelea na mkutano. Tangu hapo msaragambo huitishwa mara mbili kwa mwaka, na ule wa kwanza hupewa jambo ambalo bado halijamuumiza mtu. Watu hubishana mno ni lipi, na mara nyingine tunakosea.

Mwaka huu ni zamu ya ukuta mpya wa ndiva, uliojengwa badala ya ule, ambao haujavuja hata tone. Kesho tunakwenda kuukagua na kushindilia mawe chini yake. Nimewasikia mkinung'unika kwamba ni kazi bure. Kila mtu akatafute jembe lake. Maiti haombi msaragambo.