Kamba za Bi Sange

Zamani ile, wadogo zangu, wanyama walipokuwa wakilala vitandani na kupika uji asubuhi, alikuwepo Bi Sange. Kanyama kadogo, pua ndefu, miguu haitulii. Kazi yake ulinzi. Mji mzima ukienda shamba, watoto wote wanaachwa kwake.

Nyumba yake ndani ilijaa kamba, toka stoo mpaka kila ukuta. Stoo ilikuwa na vifurushi vya jani la mgomba, ndani asali na mrehani. Vuta kamba, kifurushi kinateleza, ssss! Kinafika ukutani, pa! Kinapasukia nje, harufu inasambaa.

Enzi za marehemu bibi yake walivuta wawili, bibi akiimba. Harufu ikinukia tu, nyuki wa vilima vyote wanafika kufukuza adui, uji haujapoa. Siku hizo! Sasa yuko peke yake, kamba nzito, na nyuki hawajaitwa miaka. Hivi wanakumbuka hata?

Mchana mmoja, puu! Fisi kakaa mlangoni, makalio yameziba mlango wote.

"Oya, kapua! Toa watoto nile!"

Watoto wakajificha chini ya kitanda.

"Shikamoo, mjomba," Bi Sange akasema, sauti inatetemeka kwa makusudi.

"Marahaba. Usinipotezee muda."

"Sawa mjomba, ila hiyo kamba nene inayotokeza hapo ukutani usiiguse! Ndiyo imeshika paa. Ukiivuta litatulalia sote humu ndani, tubaki chapati!"

"Kwi kwi kwi! Kumbe! Chapati na nyama!"

Fisi akaing'ata kamba, akavuta. Kamba haikwenda.

"Mjomba, ndiyo umevuta hivyo? Au umeumwa jino?"

Lo! Fisi akapandwa na hasira, akavuta kwa nguvu zake zote. Vifurushi vyote vikateleza, ssss! Pa! Pa! Pa! Vikampasukia puani.

Hata ndani ya damu yako wapo walinzi wa hivyo, chembe nyeupe ndogo mno. Zina kamba zao ndani. Adui akizigusa, ujumbe unasafirishwa mpaka palepale alipogusa, unaachiwa nje kuita wenzao.

Fisi akajilamba. "Ndiyo hiki tu? Umenipaka marashi ya harusi?"

Bi Sange akasikiliza. Kimya. Akasikiliza tena. Fisi akaingiza mkono hadi chini ya kitanda, akamshika mtoto wa Digidigi mguu.

Vuuuuuum!

"Yalaaa! Mama wee! Pua yangu!" Fisi akamwachia mtoto, huyoo, vumbi mtindo mmoja, nyuki nyuma yake kama wingu.

Nyuki mmoja mzee akabaki, akatua kwenye kamba, akapumua.

"Harufu ya bibi yako hii. Sisi tulidhani mmehama."

"Tupo, babu," Bi Sange akasema, machozi yanamtoka. "Karibu uji."

Mkubwa anaweza kuuziba mlango, lakini hamwezi mdogo anayejua kuita wenzake.