Kinu cha Mzazi Hakiimbiwi

Zamani hizo, wanangu, bibi zenu hawajazaliwa, mwanamke alijifungua leo na kesho kutwa yumo kinuni. Siku arobaini za kukaa ndani hazikuwapo, wala mkaja wa kufunga tumbo haukujulikana.

Mwatime alikuwa ameolewa na mtoto wa pekee wa Bi Mwanaranga. Alipozaa mara ya nne, tumbo halikurudi. Misuli iliachana katikati, na kila alipojaribu kuinuka kitandani tumbo lilichongoka mbele. Dada yake Mishi, aliyekuwa mkunga, aliweka vidole vinne katika ufa ule, vikaingia vyote. 

Kila asubuhi Mishi alimlaza chali, akamkunja magoti. "Toa pumzi polepole. Sasa vuta kitovu kiende mgongoni. Shingo usiikaze." Kisha alimfunga kitambaa kirefu tumboni. Mwatime alikuwa akilia, maana zoezi lenyewe lilikuwa dogo, na mwili haukumsikia. Siku ya kumi na nane ufa uliingia vidole vitatu.

Bi Mwanaranga alichoka kungoja. "Mimi nimezaa saba, sita nimewazika," alisema, "na hakuna aliyenilaza nikapumua."

"Mama, nipe mwezi mmoja tu," Mwatime alimwomba.

"Na wageni wangu wanaokuja watakula nini?"

Mwatime akafungua kitambaa, kwa kuwa kilimzuia kuinama, akashika mchi. Alitwanga mtama mpaka jua la utosi. Utumbo ukapenya kwenye ufa, ukanasa. Mishi alipofika alikuta uvimbe mgumu kitovuni, umeanza kuwa mweusi. Alijaribu kuurudisha kwa viganja, haukurudi. Siku mbili Mwatime alitapika na kumwita dada yake. Ya tatu hakuita.

Mishi hakumtukana mtu. Aliweka kitambaa mapajani mwa Bi Mwanaranga, akasema, "Vilikuwa vimebaki vidole vitatu."

 Baadaye kila mwanamke aliyejifungua pale kijijini, Bi Mwanaranga alimwendea bila kuitwa, akamtwangia siku arobaini, kinywa kimefungwa. Wasichana walipoanza wimbo wa kinuni ili kumsaidia, alilaza mchi chini, akawatazama mpaka wakanyamaza.

Na tangu siku hiyo mzazi, yule aliyetoka kujifungua, hufungwa mkaja, hulazwa chali akafundishwa kupumua, na mama mkwe ndiye humtwangia. Kwenye vinu vingine watu huimba. Kwa mzazi utasikia mchi tu.