Jina la Mtoto wa Gudrun

Wewe unayebetua midomo hapo pembeni, ndiyo, wewe. Hujasikia hata neno moja, tayari huamini. Ukiambiwa kuna nchi jua linaondoka msimu mzima na watu wanaendelea kula na kuzaa gizani, unasema bibi kazeeka vibaya. Mimi niliishia darasa la nne, lakini masikio sikuyaacha shuleni. Nyamaza usikie.

Hapo zamani, huko kaskazini kabisa kwenye theluji, aliishi mwanamke anaitwa Gudrun. Maana yake siri ya Mungu. Kule mtoto wa kike hapewi jina kwa kuwa linapendeza mdomoni. Astrid ni mwenye uzuri wa miungu. Sigrid ni ushindi mzuri. Tora ni radi. Jina ni kazi, ukishaitwa, umeajiriwa. Na mtoto asiyeitwa bado si mtu. Akifa hivyo hazikwi pamoja na watu, anafukiwa nje ya ua kama paka.

Gudrun alizaa mtoto wa kwanza, msichana. Siku ya kumwagiwa maji na kuitwa jina, mawifi wakasimama. Huyu anataka Astrid. Yule anataka Sigrid. Wa tatu akaapa kwamba bila Tora hali chakula katika nyumba ile. Siku ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Gudrun alikuwa na jina lake moyoni, Dagny, yaani siku mpya, lakini nyumba ilikuwa ya wenyewe, akalimeza. Wakiwa bado wanabishana, mtoto akafa. Wakamfukia nyuma ya zizi la kondoo, hana jina.

Miaka ikapita. Gudrun akazaa tena, msichana tena, katika msimu usio na jua. Mtoto akatoka wa buluu, kimya. Mkunga aliitwa Eir, maana yake uganga. Akamgeuza kichwa chini, akampangusa, akampuliza mdomoni, huku anaita, “Liv. Liv. Liv.” Liv ni uhai. Mtoto akakohoa, akavuta pumzi.

“Huyo ni Liv,” Eir akasema, ananawa mikono. “Aliyemrudisha ndiye anayemwita. Hamjui, au mnajifanya?”

“Tungoje jua lirudi,” akasema Torstein, baba mtoto. Mwanamume wa kungoja, huyo.

Wakangoja. Lakini mtoto hakushika ziwa. Alilala macho wazi, ameyaelekeza mlangoni. Na nje, kila theluji mpya ilipoanguka, zikaonekana nyayo zinazoizunguka nyumba. Nyayo za miguu mitupu. Mwanzo zilikuwa ndogo za kitoto. Kila zikirudi, zimekua. Zinazunguka, zinasimama mlangoni, na sauti inapita chini ya ubao wa mlango: “Mama, mimi naitwa nani?”

Wote waliisikia. Wote waliendelea kukoroga uji.

Mama mkwe ndiye aliyeweka mwiko chini. Aliitwa Hilda, maana yake vita. “Mkamwana, unasikia?”

“Nasikia, mama.”

“Amekuja kumchukua mwenzake. Wanangu walibishana mpaka yule akafa, nami nimekaa nachambua sufu. Naitwa Vita, na maisha yangu yote sijapigana hata na jogoo. Huyu mpe jina langu.”

“Jina la aliye hai halitolewi, mama. Ukilitoa utabaki nini?”

“Nitabaki kizee kwenye baridi. Sogea.”

Akainama, akamwambia mtoto sikioni, “Hilda.” Akajitanda shali, akatoka, akaketi kizingitini upande wa nje, mgongo mlangoni. Nyayo zikaja, zikasimama, zikarudi zilikotoka. Mtoto akashika ziwa kwa mara ya kwanza. Walipofungua mlango, Hilda alikuwa bado ameketi, kope zimeganda barafu, hayupo.

Wakaenda kumzika. Gudrun akabaki peke yake na mtoto, na mlango hauna mlinzi. Komeo likainuka lenyewe.

Akaingia msichana, mrefu kiasi ambacho mtoto wake wa kwanza angekuwa amefikia. Theluji ya kichwani mwake haikuyeyuka, ingawa moto uliwaka. Akaenda kwenye kitanda cha mtoto, akachungulia. Gudrun akamgusa mtoto, akamkuta baridi kama jiwe la kisimani.

“Mwache,” Gudrun akasema.

“Sijamshika, mama. Ananifuata mwenyewe. Tunacheza pamoja tangu alipokuwa tumboni.”

“Mrudishe.”

“Nikimrudisha utanipa jina langu? Lile ulilolimeza.”

Gudrun hakuwahi kumwambia mtu jina lile, hata mumewe. Akaitikia kwa kichwa. Msichana akajilaza kando ya mdogo wake, akamnong'oneza, mtoto akapiga kelele ya njaa. Tangu hapo akanyonya vizuri. Na yule akaenda kusimama nyuma ya jiko, uso ukutani. Nyayo za theluji ziliingia. Za kutoka hazikuonekana.

Jua likarudi. Torstein akashika bakuli la maji, ukoo ukajaa nyumba nzima.

Eir akasema, “Ni Liv. Bila mimi mngekuwa mnabishania maiti, na hilo mnaliweza. Mkinidhulumu, mwingine akikwama tumboni msinitumie mtu.”

Wifi mkubwa akasema, “Ni Hilda. Mama alitoa jina akiwa hai, akafa bila jina. Mkimwita mtoto jina jingine, mama yetu atakuwa nani huko aliko? Naye atazunguka nyumba?”

Nyuma ya jiko, ambako Gudrun peke yake alikuwa anaona, sauti ikasema, “Ningeweza kwenda naye. Nilimwacha. Uliniahidi jina langu, mama, na maji ni hayo tu.”

“Mpe yote mawili,” akasema Torstein.

“Mtu mmoja jina moja,” Eir akamjibu. “La pili ni kumwita mwingine aingie humo humo.”

Gudrun akamtazama mtoto. Mtoto hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya jiko, anacheka. Gudrun akawaza: nikisema Dagny, ni yupi kati yao atakayeitika? Na nisiposema, nani atakayelala tena katika nyumba hii? Maji yakawa yanapoa kwenye bakuli, na midomo yake imeshafunguka.

Je, nani alistahili kusikilizwa? Aliyempa pumzi, aliyempa jina lake mwenyewe, au aliyemwachia nafasi?

Msinitolee macho. Simwambii mtu. Bishaneni, kubishana mnakujua, ila msichelewe kama wale. Mimi natoka, na mlango naufunga. Akibisha mtu, muulizeni jina kabla hamjafungua. Akiwauliza yeye la kwake, kaeni kimya.