Kurasa Nane za Bi Sikudhani

Hii nimetumiwa leo asubuhi na mtu aliyewahi kufanya kazi hospitali, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Kama una mtoto au mdogo wako anayetaka kuwa daktari, msomee. Kama huna, isome mwenyewe, maana na wewe una simu na una watu unaowasabahi kila siku.

Palikuwa na binti mmoja, jina lake Tumsifu. Alimaliza kidato cha sita akiwa na hamu moja tu, udaktari. Kwao hakuna aliyewahi kusoma hata nusu ya hapo. Aliomba ufadhili wa masomo, na wafadhili wakaweka sharti: lete barua ya daktari uliyejitolea kufanya naye kazi, aeleze wewe ni mtu wa namna gani. Bila barua hiyo, hakuna chuo.

Basi akaenda kujitolea hospitali ya mkoa, kwa daktari aitwaye Lugendo, aliyekuwa akifanya utafiti wa dawa mpya ya shinikizo la damu.

Kazi yake ilikuwa simu. Kila Jumanne aliwapigia wagonjwa waliokubali kuijaribu dawa hiyo, akawauliza maswali kumi. Unaumwa kichwa? Unasikia kizunguzungu? Macho yamebadilika rangi? Mkojo umekuwa mweusi? Mgonjwa akijibu hapana kwa yote, Tumsifu anaweka tiki kumi, fomu imekwisha. Akijibu ndiyo, hata kwa swali moja, dawa inasimamishwa siku hiyo hiyo, mgonjwa anaitwa kupimwa, na Tumsifu anakaa kujaza ripoti ya kurasa nane.

"Swali moja moja," Dokta Lugendo alimwambia siku ya kwanza. "Uliza, nyamaza, subiri. Damu yao tunaipima kila baada ya miezi mitatu. Hapo katikati sina macho mengine, ni wewe tu."

"Nimeelewa, Dokta."

Na kweli alielewa, kwa wiki mbili.

Kati ya wagonjwa wake alikuwepo mama mtu mzima, Bi Sikudhani, mkulima wa karanga, aliyeishi na binti yake Mwanahawa nje kidogo ya mji. Huyu alimpenda Tumsifu tangu siku aliposomewa naye karatasi ya kukubali kushiriki.

"Mjukuu wangu, unasoma vizuri mpaka nimesahau ninachosomewa," alisema akicheka, akaweka dole gumba.

Simu ya Bi Sikudhani haikuwa na haraka. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, umeamkaje, wazazi hawajambo, mmekula nini huko. Sote tunajua tulivyo. Mtu wa kwetu hata akiwa na msiba ndani atakujibu kwanza kwamba ni salama, halafu ukitulia ndipo atakueleza yaliyomkuta. Tumsifu alilelewa hivyo hivyo. Lakini alikuwa na watu thelathini wa kuwapigia, na ile salama ya mwanzo ikaanza kumtosha.

Wiki ya tatu alichelewa kupiga.

"Samahani bibi. Kuna mzee kasema anaumwa kichwa, kumbe ni miwani yake tu. Nimejaza kurasa nane! Na Dokta anataka fomu zikamilike ndipo aniandikie barua. Watu wa hivi watanikosesha chuo."

"Pole, mjukuu wangu. Kwa hiyo mtu akisema anaumwa, wewe unapata tabu?"

"Tabu sana, bibi. Wewe usije ukaniugulia tu!"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilipofika hapa sikucheka.

Kuanzia wiki ya tano Tumsifu aliacha kuuliza swali moja moja. Alisalimia, kisha akasema, "Bibi, maswali ni yale yale. Hakuna jipya, au siyo?"

"Hakuna, mjukuu wangu."

Tiki kumi. Wiki ya sita, tiki kumi. Wiki ya saba Bi Sikudhani alikawia kidogo kujibu.

"Ile barua bado?"

"Bado bibi. Zimebaki wiki mbili."

"Haya. Basi hakuna jipya."

Tiki kumi tena.

Wiki ya tisa Dokta Lugendo alizipitia fomu zote akaridhika mno. "Vijana wengi wamejitolea hapa," alisema, "lakini wewe ndiye wa kwanza ambaye fomu zake hazina pengo hata moja." Akaandika barua, akaitia mhuri. Nyumbani mama yake Tumsifu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi ya nani. Barua ikawekwa ndani ya Biblia, isikunjike.

Kesho yake Tumsifu akaitwa wodini.

Bi Sikudhani alikuwa ameletwa alfajiri, hawezi kusimama. Macho yake yalikuwa ya manjano kama bizari, tumbo limejaa maji. Muuguzi alimnong'oneza Tumsifu kwamba ini limeshaharibika na hakuna la kufanya. Mwanahawa alikaa chini, kageukia ukutani.

Tumsifu akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, unaumwa wapi?"

"Sijambo. Barua umeipata?"

Tumsifu alidhani ni homa inayomsemesha. "Nimeipata bibi. Jana."

"Alhamdulillahi." Bi Sikudhani akafumba macho, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akasema polepole, "Sasa andika. Mkojo ulianza kuwa mweusi wiki ya sita."

Hapo Mwanahawa akageuka. "Mimi nilimwambia! Nikamwambia mama, huyo binti si anakupigia kila Jumanne, mwambie! Akanijibu kwamba akikwambia atakuchafulia karatasi zako, ukose chuo. Akasema acha mtoto apate barua yake kwanza. Nikataka kuja mwenyewe, akanikatalia, akasema ni wiki chache tu."

Tumsifu aliinuka. Alikwenda kuchukua ile ripoti ya kurasa nane, akarudi, akakaa, akauliza. Safari hii aliuliza swali moja moja, akanyamaza, akasubiri. Kizunguzungu kilianza lini. Chakula kilianza kumshinda lini. Bi Sikudhani alijibu kila kitu, kwa utii, kama mtu anayelipia kosa. Walipomaliza ukurasa wa sita alikuwa hasikii tena. Kurasa mbili za mwisho alizijibu Mwanahawa.

Bi Sikudhani alifariki siku ya pili yake, mchana.

Baada ya mazishi Tumsifu aliichukua barua akampelekea Dokta Lugendo. Aliiweka mezani.

"Dokta, ichane."

Daktari aliivuta karibu. "Tungejua wiki ya sita, tungeisimamisha dawa, na huenda angepona," alisema. "Lakini nichane nini? Nilichoandika humu ni kweli. Fomu zako hazina pengo. Mimi nami nilizisifu bila kumpigia mgonjwa hata mmoja."

Akamrudishia barua. Hawakutazamana.

Nasikia barua ile bado imo ndani ya Biblia. Wafadhili wanaisubiri, na siku za kuituma zinakwisha. Mama yake anamuuliza kila asubuhi, naye anajibu hajambo, anajipanga tu. Akiituma, amekwenda chuo kwa roho ya mtu. Asipoituma, mtu huyo amekufa bure. Msichana wa watu anakaa kitandani na kuigeuza geuza, na hakuna daktari wala sheikh wala mchungaji aliyempa jibu. Mimi pia sina, na nakiri imeniuma.

Ukimaliza kusoma, kabla hujamtumia mwingine, mpigie mtu mmoja umuulize hali yake. Akikujibu ni salama, usikate simu. Tulia kidogo.

Funzo: Kabla hujamuuliza mtu hali yake, hakikisha hajui ni jibu gani linalokufaa wewe, maana anayekupenda atakupa hilo, hata kama litamuua.