Barua ya Kukataliwa

Mzee Ng'wandu aligombea udiwani, na wanachuo waliopanga kwake hawakumpenda. Siku ya mwisho ya kuandikisha wapiga kura, karani alimwagiza mmoja wao, Siwema, alete uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba anaishi kwake.

"Siandiki," mzee alimwambia. "Kapigie kura kwenu Singida."

"Sawa, baba. Ila mama atasema nimezembea. Niandikie basi kwamba umenikataza. Utaje na chumba, tuko akina Siwema wawili."

Mzee akaandika kwa furaha: "Nimemkataza mpangaji wangu Siwema, anayeishi chumba namba sita nyumbani kwangu, asijiandikishe hapa."

Karani aliisoma mara mbili. "Kukukataza hawezi, lakini amethibitisha unaishi kwake. Weka kidole."

Mchana huohuo wapangaji wengine kumi na mmoja walimwendea mzee, wakaomba kwa adabu nao wakatazwe kwa maandishi.